Sauti ya Waya Iliyo Kwenye Simu Yako

Akinyi, mama yangu,

Mmeenda kanisani wewe na mama yako ukaombewe safari, nami nimebaki nyumbani nikisingizia mgongo. Mgongo hauniumi leo. Nimebaki kwa sababu hili nililo nalo siwezi kulisema nikikutazama, na kesho asubuhi utakuwa umeshaondoka Awendo.

Habari za blanketi, dawa za malaria na kutomwachia mtu mzigo steji, mama yako ameshazisema mara tatu, na atazisema tena kesho mkiwa mmeshika mabegi. Sitaziongeza. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii tangu nilipomwoa Mkuria na watu wakatushangaa pande zote mbili. Kijaluo changu ungekisoma kwa shida, na barua hii sitaki uisome kwa kukisia.

Jana jioni ulipokuwa unakunja nguo ulinieleza jambo huku unacheka. Ulisema ukifika shule yako kule Marsabit, somo lako la kwanza utawachezea watoto sauti ya Waya, ile uliyoirekodi kwenye simu, uwatafsirie, halafu uwatume nyumbani wakawaulize nyanya zao ukoo wao ulianzia wapi. Ulisema, "Baba, watu wengi hawana kitu kama hiki. Sisi tuna bahati." Mimi nikatoka nje, nikasema naenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi. Tuliuza wa mwisho ukiwa kidato cha pili, na wewe hata hukushtuka, umezoea baba yako kutoka nje.

Sauti hiyo ni ya Waya kweli. Maneno si yake. Maneno ni yangu.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu nikisema hivyo peke yake utadhani nimechanganyikiwa. Waya kwetu ni shangazi, naye alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Nyinyi watoto mlimwita Waya kwa kuniiga mimi, ingawa kwenu alikuwa nyanya. Aliolewa upande wa Homa Bay kabla sijazaliwa, na kule wakamwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, jinsi sisi tunavyomwita mwanamke kwa jina la alikotoka hata akae kwa mume miaka hamsini. Lakini hakuzaliwa Karungu. Alifika Karungu akitembea kwa miguu yake, akiwa mtoto anayejua kuchunga, nyuma ya baba yake, babu yangu Onyango. Baba yangu alikuwa mgongoni mwa mama yao. Ndiyo maana baba hakuwahi kujua tulitoka wapi. Aliyejua alikuwa Waya peke yake.

Babu alipokelewa na ukoo wa mzee Opiyo, wenye ardhi ile. Wakampa mahali pa kujenga na pa kulima. Mtu wa namna hiyo kwetu anaitwa jadak, mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya wengine. Hakuna aliyetutukana kwa neno hilo nilipokuwa mdogo. Lakini lilikuwepo. Ukigombana na mtoto wa kina Opiyo mtoni, hata akiwa mdogo kwako, kuna pahali ungefika ukanyamaza. Nililichukia neno hilo tangu nikiwa na meno ya utoto, na kuchukia huko ndiko kumetufikisha hapa.

Nilipokuwa shule ya upili nilitumwa kwa Waya kila likizo. Alikuwa anakaa mlangoni anabambua njugu, ananisimulia safari yao. Alinisimulia yote, Akinyi. Walikotoka, kwa nini walitoka, nani alibaki, kaburi la babu yake liko upande gani wa lile gofu la boma. Na mimi nilikuwa nimeweka redio sikioni nasikiliza mpira. Najua kwamba walibeba moto ndani ya chungu ili jiko la kule wanakoenda liwashwe na moto wa nyumbani. Najua kulikuwa na mbuzi aliyefungwa kitambaa chekundu kwenye pembe. Najua walivuka mto. Hayo ndiyo masalio, na nchi hii kila mahali kuna mto. Mara moja aliniuliza kama namsikia, nikajibu nasikia, akaendelea.

Kisha ukaja wakati barabara ya kwenda ufukweni ilipotengenezwa na ardhi ya Karungu ikaanza kutazamwa kwa macho mengine. Baba alikuwa ameshakufa, mama naye. Wajukuu wa mzee Opiyo wakaja kwangu na kusema wanataka mambo yaandikwe sawasawa, ardhi ni yao, sisi ni wageni wao. Walisema kwa adabu, walikunywa chai ya mama yako. Mimi nikasikia lile neno la mtoni. Nikawaambia hatukutoka popote, sisi ni wa hapa, tuonane mbele ya wazee.

Nilipotulia nikaona sina shahidi. Ndipo nikaenda Homa Bay kumchukua Waya.

Wewe ulikuwa bwenini wakati huo, kwa hiyo hukuona. Alikuwa ameanza kuchanganya vitu. Aliniita kwa jina la baba yangu, aliweka chumvi kwenye chai. Lakini mambo ya zamani yalikuwa mazima kabisa kichwani mwake, yamepangwa. Nikamkalisha hapa Awendo, kwenye hicho kiti cha kamba ambacho bado mnakigombania, na kila nikitoka karakana, mikono bado ina grisi ya trekta, nilimfundisha.

Nilimfundisha kama wanavyofundishwa watoto wa ubatizo. Namuuliza ulizaliwa wapi, anajibu. Baba yako alizaliwa wapi, anajibu. Kaburi la babu yako liko wapi. Siku za kwanza alijibu ukweli, nami nilimkatiza kabla hajafika kwenye jina la mahali, kwa sababu sikutaka hata majirani walisikie. Fikiria hilo. Jina ambalo leo ningetambaa kwa magoti kulipata, nilikuwa namkatiza ili asilitaje. Mama yake Waya, nyanya yangu, naye aliitwa Nyar, binti wa mahali fulani, na watu wazima walimwita hivyo mchana kutwa. Sisi watoto tulimwita Dani tu, yaani nyanya. Hilo nalo nilimwambia Waya asiliseme, kwa sababu lingetuponza. Wangefuata jina hilo wajue mama huyo aliolewa tukiwa upande gani wa nchi.

Alibisha. Alisema, "Si hivyo ilivyokuwa. Baba yangu atanisikia."

Nikamwambia, "Waya, unataka tufukuzwe?"

Akapapasa kitenge chake. Kisha akasema, "Basi nifundishe."

Mama yako alikuwa anatuletea chai na kurudi jikoni bila neno. Jioni moja tu alisimama na sinia mkononi, akaniambia, "Unamharibu huyu mama." Nikamwambia aendelee na mambo yake ya Kikuria, haya ya Wajaluo hayaelewi. Ni mimi niliyesema hivyo, na hajawahi kunikumbusha.

Ilichukua wiki nyingi. Kila akimaliza kujibu aliniuliza, "Nimesema vile ulitaka?" Nami namwambia ndiyo, Waya, umesema vizuri, au namwambia bado, turudie. Alipenda sana kuambiwa amesema vizuri. Alikuwa mzee, watu walikuwa wameacha kumsifu kwa chochote.

Siku ya kikao tulikaa kwenye darasa la shule, wazee mbele, afisa wa ardhi na makaratasi yake. Waya alijibu yote bila kukosea. Alizaliwa Karungu, baba yake alizaliwa Karungu, babu yake amezikwa ndani ya ule ua wa minyaa. Niliona wazee wakitazamana na nikajua tumeshinda. Nilivimba, Akinyi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitaweka uzio wapi.

Ndipo upande wa kina Opiyo wakamsimamisha bibi mmoja, Mama Obura, binti wa mzee Opiyo mwenyewe, ambaye naye aliolewa mbali na aliletwa kama nilivyomleta Waya. Hakumtazama afisa. Alimwendea Waya mpaka karibu, akamwinamia. Akasema, "Siku mlipofika ulikuwa na njaa, ukalala kwa mama yangu. Tulijifunika ngozi moja mimi na wewe. Umenisahau?"

Uso wa Waya ukafunguka wote. Alicheka, ukauona mwanya wake ule, akanyanyua mkono kumshika mwenzake. Kisha akakumbuka, akanitazama mimi.

Nikatikisa kichwa kumkataza.

Waya akateremsha mkono. Akasema, "Mimi nimezaliwa hapa. Wewe sikujui."

Mama Obura aliinuka. Alirudi akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya leso, na hakuna mtu mle darasani aliyehitaji ushahidi mwingine. Uamuzi haukuchukua muda. Tulipewa muda hadi baada ya mavuno tuwe tumehama.

Wewe nilikuambia kwamba walihonga. Umekua ukiwachukia kina Opiyo kwa ajili yangu, hata ukakataa kusalimiana na binti yao chuoni, ukaja kunisimulia kwa fahari nami nikakupongeza. Hawakuhonga mtu. Na kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Tulipotoka nje siku ile, mjukuu mkubwa wa Opiyo alinifuata hadi kwenye pikipiki. Aliniambia walitaka tuseme tu kwamba tulikaribishwa. Tungesema hivyo, wangetuandikia pale nyumba ilipo na makaburi yalipo, iishe. Alisema, "Baba yangu aliacha neno kwamba msitolewe. Lakini umemfanya shangazi yetu alie." Hivyo ndivyo nilivyopoteza Karungu. Ukweli ungetubakisha.

Sasa tukawa watu wasio na kwao. Hapa Awendo tuna kiploti hiki katikati ya miwa ya watu, na unajua mwenyewe kwamba mahali kama hapa panaitwa nyumba tu, hapaitwi dala, boma la ukoo. Nikasema potelea mbali, nitatafuta kule tulikotoka. Waya yupo, anajua. Nitamuuliza, nitakwenda, nitasema mimi ni mtoto wenu niliyepotea, nipeni hata pa kuzikwa.

Nilimuuliza siku ileile jioni. Akasema alizaliwa Karungu.

Nikamwambia kesi imeisha, Waya, sasa niambie kile cha kweli. Akasema baba yake alizaliwa Karungu na babu yake amezikwa ndani ya ua wa minyaa. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Nilinunua njugu nikakaa naye mlangoni tukabambua, nikidhani vidole vitakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Nikamtajia chungu cha moto. Aliniuliza chungu gani. Nikamtajia mbuzi wa kitambaa chekundu, akacheka, akasema mimi mtoto nina hadithi. Yale mengine yote yalikuwa yamekwisha, na juu yake lilikuwa limekaa somo langu, safi, bila kosa hata moja. Ugonjwa ulikuwa unamla kila kitu, ukaacha tu kile nilichokirudia mara nyingi kuliko vyote.

Siku moja nilipandisha sauti. Nilimshika mabega, Akinyi, bibi wa umri ule. Nilimwambia huo ni uongo, niliutunga mimi, niambie ukweli. Akanitazama kwa hofu, kisha akaniinamia na kuninong'oneza kama mtu anayemwonya mtoto mjinga. "Ukweli ndio huo. Unataka tufukuzwe?"

Sikumuuliza tena.

Nilitafuta bila yeye. Zile Jumapili nilizokuwa nasema naenda kutengeneza trekta za watu, nilikuwa nazunguka. Nimepita Homa Bay yote nikiuliza wazee kama wanajua Onyango aliyeondoka na watoto wawili na chungu cha moto. Nimefika Isebania, nikavuka Sirare, nikauliza Wajaluo wa upande wa Tanzania. Wananikaribisha, wananipa ugali, wananiambia Onyango ni wengi. Karibu na Oyugis mzee mmoja alinitazama pua, akasema naweza kuwa wao, kuna mtu wao aliondoka zamani. Nilikaa kwake mpaka jua likashuka na nilitaka sana iwe kweli. Nilianza hata kuona kwamba anafanana na baba. Kisha nikajisikia nikimwuliza maswali ninayomdokezea majibu, naye anajibu vile ninavyotaka, kwa ukarimu tu. Niliaga nikaondoka kabla sijamharibu yeye pia.

Nikirudi hapa nakukuta wewe, umerudi likizo na simu mpya. Umekaa miguuni pa Waya, umeshika simu karibu na mdomo wake, na daftari gotini. Unamuuliza alizaliwa wapi. Naye ameamka, macho yanang'aa, anakujibu jibu baada ya jibu, hakwami hata mahali pamoja. Mliporudi ndani ulinikumbatia. Ulisema, "Baba, kumbe anakumbuka kila kitu!"

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa wazi, mama yako alikuwa jikoni, wewe ulikuwa na furaha na ungenisamehe haraka. Sikusema. Nilijiambia mtoto na awe na kitu cha kushika, hata kama mimi sina. Nililiita hilo upendo. Ni woga, basi.

Halafu akafa mwaka juzi, tukamzika kwa mumewe kule Homa Bay, nawe ukasimama mbele ya watu wote na daftari lako ukasoma ukoo. Ulisoma vizuri. Watu walipiga makofi, mchungaji akasema vijana wote wangekuwa hivi. Hukumjua yule bibi aliyekaa mstari wa nyuma amejifunga leso ya buluu. Alikuwa Mama Obura. Alikuja kumzika mwenzake wa ngozi moja. Alikusikiliza mpaka ulipofika kwenye ua wa minyaa, akashika fimbo yake, akaondoka bila kula. Nilimwona na sikumfuata. Miezi michache baadaye nikasikia naye amefariki. Labda yeye alijua walitoka wapi wageni wa baba yake. Nilifikiri jambo hilo nikiwa nimeshachelewa, na nimelifikiri kila siku tangu hapo.

Kwa hiyo hayo ndiyo niliyo nayo ya kukupa unapoondoka. Utaolewa siku moja, na watu wa huko watataka kukuita Nyar mahali fulani. Ukiwaambia Karungu utakuwa unasema uongo wangu, ukiwaambia Awendo watacheka. Na mimi nikifa sijui mtanipeleka wapi. Nimelitafuta jibu la kufariji la kuweka hapa tangu mlipotoka, chai imepoa mara mbili, na sijalipata.

Sikuombi uifute sauti hiyo. Ni sauti yake, na kicheko chake kimo. Sikuombi pia uitunze. Naomba tu usiwachezee watoto wa watu kama ukweli. Na ukiwatuma kwa nyanya zao, waambie wasiwasaidie kujibu, hata pale wanapokwama. Mimi sikustahili kumfundisha mtu, lakini hilo moja nalijua.

Nasikia majirani wameanza kurudi kutoka kanisani, na nyinyi hamko mbali. Nitaiweka barua hii ndani ya daftari lako, pale pa ukoo, ili ukilifungua uione kwanza. Lakini kuna jambo la mwisho. Umesikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo unaujua mwisho wake. Waya amemaliza, kuna kimya kidogo, kisha anauliza, "Nimesema vile ulitaka?" Nawe unacheka na kumjibu, "Umesema vizuri sana, Waya." Umekuwa ukiwaambia watu kwamba alikuwa na adabu, hata kwa mjukuu alitaka kujua kama amemridhisha.

Hakuwa anakuuliza wewe, mama. Simu haionyeshi, lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nyuma yako, nimefika tu nyumbani. Alikuwa ameinua macho ananitazama. Alingoja, kama alivyozoea kungoja.

Nami nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Baba yako